Mkaa wa Kulishia Udongo



Kila mwaka masika yakikaribia twaona jambo moja katika mashamba yetu ya pwani. Matawi ya miembe na mikorosho yaliyopogolewa, makumbi ya nazi, na vipande vya mbao vitokavyo kwa maseremala, vyote hukusanywa mpakani vikatiwa moto mpaka vikawa jivu. Kisha mwenye shamba huyo huyo hulalamika ya kuwa mchanga wake hauzai na mbolea ya dukani ni ghali. Jivu lina manufaa yake, wala hatulikatai, lakini mvua kubwa hulichukua upesi. Lau kuni zile zingechomwa kwa namna nyengine, ungebaki mkaa, na mkaa uliozikwa ardhini huweza kudumu mamia ya miaka.

Hili si jambo jipya. Katika bonde la mto Amazon, huko Amerika ya Kusini, ardhi ya asili ni dhaifu kwa kuwa mvua huiosha rutuba yake. Lakini wenyeji wa kale, kabla ya kufika Wazungu, waliacha viwanja vya udongo mweusi uliochanganyika na mkaa, mifupa, vigae na takataka za jikoni, na mpaka leo wakulima wa huko huupenda kwa kupanda. Mkaa una vitundu vingi mno visivyoonekana kwa jicho, na humo maji na chakula cha mimea hukaa badala ya kuteremka na mvua.

Kuufanya hakuhitaji gharama. Chimba shimo mfano wa bakuli, mdomo wake kama mita 1.5 na kina chake kama sentimita 70, mbali na nyumba za makuti na mbali na watoto. Kuni ziwe kavu, zisizidi unene wa kifundo cha mkono. Panga chache chini, uziwashe kwa juu. Zikianza kupata weupe wa jivu, tandaza nyengine tabaka jembamba, na hivyo hivyo mpaka shimo lijae. Siri yote imo katika ule mwako wa juu: ndio unaokula moshi, na ndio unaozuia hewa isiyafikie makaa ya chini. Ukiona moshi mwingi, umetia kuni nyingi kwa mara moja, au ni mbichi. Mwishowe mwaga maji kwa wingi, kwani makaa yaliyodhaniwa yamezimika huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisitiwe kabisa.

Kijana atasema, si bora niuuze? Mkaa wa vitawi ni mwepesi na huvunjikavunjika, mpishi hautaki. Wala asiende kukata mti mzima kwa ajili ya kazi hii.

Tena asidanganyike mtu akautia shambani mtupu, kwani huweza kuivuta mbolea iliyomo na mahindi yakageuka manjano. Upondwe ungali na maji, vumbi lake lisiingie kifuani, kisha uchanganywe na samadi au mboji, uachwe majuma mawili matatu. Hapa huulizwa suala la tohara, na ni haki kuulizwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kinyesi na mkojo wa wanyama ni najisi. Hata hivyo kurutubishia ardhi kumeruhusiwa, na mmea uotao hapo ni tohara. Kilichoguswa na samadi kwa nje huoshwa, na mwenye kuichanganya ajisafishe na abadili nguo kabla ya kusimama kusali. Asiyetaka taabu hiyo atumie mboji ya majani na maganda ya jikoni.

Konzi mbili katika kila shimo la mahindi zatosha kwa kuanzia. Lakini anayelima penye mawe ya matumbawe asifanye haraka: udongo ule una chokaa nyingi tangu asili, na mkaa wa kuni aghalabu huongeza hali hiyo hiyo. Faida kubwa hupatikana katika mchanga uliochoka, wenye uchachu. Na hata huko, anza kwa tuta moja, na tuta la jirani yake ulipande mbegu ile ile na samadi ile ile bila ya mkaa. Siku ya mavuno watoto wayapime yote mawili kwa mzani mmoja, waandike.