Sensa au Kihisi? Kwanza Tuandike Maelezo

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi wa kisasa. Wapo na wale wanaowajibu kwa kuunda istilahi, kisha wakaketi kugombana: tuseme sensa au kihisi? Sensa, wanatukumbusha, ni kuhesabu watu. Nawapinga wote wawili.

Majina tunayo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Tulichokosa ni sentensi.

Jirani yangu ni dereva wa teksi. Gari lake lilikuwa likishtuka kila akanyagapo mafuta. Mashine ya gereji ikaitaja sensa inayopima mkao wa kilango cha hewa ya injini. Ikabadilishwa, gari likashtuka. Ikabadilishwa tena, likashtuka vilevile. Fundi wa tatu ndiye aliyeona waya ulioliwa na kutu. Wale wawili wa mwanzo hawakuwa wajinga. Maelezo ya kupima yalikuwapo, ila kwa Kiingereza, nao wakabaki kubahatisha kwa fedha za mwenzao.

Je, maelezo hayo hayasemeki kwa Kiswahili? Hebu tuyaseme.

Katika magari mengi ya miaka ya 1990, sensa hiyo ina nyaya tatu. Iache imechomekwa. Fungulia swichi bila kuwasha injini, na ncha nyeusi ya mita uiweke kwenye hasi ya betri. Kwa ncha nyekundu, gusa waya mmoja mmoja. Wa kwanza usome volti 5 zitokazo kwenye kompyuta ya gari. Wa pili usome karibu na sifuri, maana ndio urejeao hasi. Wa tatu ndio uletao habari: mguu ukiwa nje ya pedeli, husoma takriban nusu volti, pedeli ikikanyagwa polepole hadi mwisho, hupanda kupita volti 4. Vipimo kamili hutofautiana gari kwa gari, lakini lazima vipande bila kuruka wala kukatika. Vikidondoka ghafla njiani, utepe wa ndani umelika na sensa imekwisha. Ama volti 5 zisipofika, au waya wa hasi ukisoma mbali na sifuri, usinunue sensa. Fuata nyaya.

Kupanda, kuruka, kukatika, kudondoka, kulika: ni kitenzi gani hapo kilichotushinda? Mshairi hutambua mshororo uliopungukiwa mizani kwa sikio. Na fundi aliyeelezwa hivi atatambua kasoro kwa mita.

Mtaniambia volti, pedeli na kompyuta ni maneno ya kukopa. Naam. Kitabu na shairi tumevipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno. Nani leo anavikana?

Basi ugomvi wa sensa na kihisi usubiri. Kila mwandishi aende gereji ya mtaani kwake, aandike aya moja ya kazi, amsomee fundi, akubali kusahihishwa. Fundi atachagua jina, nasi tutalifuata. Aliye na hoja ya kunipinga ailete, ila aje na aya yake mkononi. Jirani yangu amekwisha kununua sensa mbili kwa sababu ya ukimya wetu.