Saa nane ya asubuhi ni ya wapi?

Nilinyamaza wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa Addis Ababa kikazi, huku nikijifunza Kiamhari kwa kuungaunga. Nimerudi na hasira, na hasira zenyewe ni juu yetu sisi watunga programu.

Mji wenyewe haukunishinda. Wenyeji hawaelekezani kwa majina ya barabara bali kwa viwanja na mitaa: Piassa, Mexico, Bole. Mtu wa Nairobi anauelewa mtindo huo siku ya kwanza. Ndani ya matatu zao za buluu na nyeupe nilijifunza kupaaza sauti "weraj ale", yaani kuna anayeshuka, na gari likasimama. Hata kuhesabu nilikuokota njiani: arat ni nne, sidist ni sita, nami nilipita Arat Kilo na Sidist Kilo kila siku.

Balaa lilianza nilipoacha kusikiliza watu nikaiamini simu. Nilikuwa nimepata chumba cha kupanga, na mama mwenye nyumba hajui Kiingereza. Nikaandika kwa Kiswahili, "Kesho nitakuja saa mbili." Programu ya kutafsiri ikageuza, nikatuma. Asubuhi nikasimama langoni tangu saa mbili hadi saa nne. Kimya, nikaondoka. Kumbe yeye alikuja kuningoja saa nane mchana! Kufikia jioni chumba kilikuwa na mwenyewe. Nilipomwendea alinisomea ujumbe wangu kwa sauti, nikasikia neno simint. Nane.

Jamani, Waamhari huhesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi jua linapochomoza. Saa mbili yangu ni hulet se'at yake, neno kwa neno. Mtoto wa chekechea angeitafsiri. Lakini programu nyingi za kutafsiri, zikikosa maandishi ya kutosha ya lugha mbili bega kwa bega, hupitia Kiingereza katikati, na kosa hili lina alama za njia hiyo. Saa mbili yangu iligeuzwa nane ya Kiingereza, kisha ile nane ikamwagwa kwenye Kiamhari ilivyo. Majirani wawili waliokuwa wakisikizana wakaletewa mkalimani wasiyemhitaji.

Najua kuna atakayesema, si ungeandika tu 08:00? Kwenye tiketi ya ndege, sawa. Yule mama hauzi tiketi. Anaishi kwa saa zake, na mimi ndiye mgeni.

Nasi tusijitoe. Juzi nilifungua programu yangu ya kukumbusha watu miadi, ile niliyojisifia hapa. Sentensi zote ziliandikwa kwa Kiingereza kwanza, Kiswahili kikapachikwa baadaye, na mteja wa Machakos anaambiwa "saa 8 asubuhi". Asubuhi gani yenye saa nane? Hakuna hata mmoja aliyelalamika, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi: tumewazoesha watu kuzitafsiri simu zao kichwani, kimyakimya, kila siku, kisha tunajipiga kifua kwamba programu zetu zinasema Kiswahili.

Nimeirekebisha jana usiku. Toa sita, ikiwa ni sita kurudi chini, jumlisha sita. Mistari minne tu ya msimbo, na imenichukua miaka miwili na chumba kimoja cha Addis kuiandika.