Umeme Huu ni wa Nani?

Twaambiwa kwamba maarifa ya kompyuta huelea angani kama wingu, wala hayamlemei mtu. Si kweli. Hukaa ndani ya majumba makubwa yenye maelfu ya kompyuta zifanyazo kazi usiku na mchana, pamoja na mitambo ya kuzipoza zisiungue. Majumba hayo huitwa vituo vya data, na chakula chake ni umeme.

Tazameni Ireland. Mwaka 2015 vituo hivyo vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi uliopimwa kwa mita. Mwaka 2023 vilifikia asilimia 21, ilhali nyumba zote za mijini zilitumia asilimia 18. Kompyuta zimezipita familia! Tayari mwaka 2021 wasimamizi wa umeme walikuwa wamelazimika kuweka masharti kwa vituo vipya viombavyo kuunganishwa, hasa upande wa Dublin. Na hiyo ni nchi tajiri.

Mei 2024 jambo hilo lilibisha hodi Kenya. Kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo huko Olkaria, kianze na megawati 100 na hatimaye kifikie 1,000. Mwaka 2025 mahitaji ya nchi nzima, katika saa za jioni ambazo kila nyumba huwasha taa, yalipita megawati 2,300. Fanyeni hesabu wenyewe.

Tutajibiwa kwamba mvuke wa Olkaria ni safi. Ni safi, naam. Lakini mvuke wa ardhini ndio utoao zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya, tena hautegemei jua wala mvua. Wala haukupatikana bure: mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Je, zilihama ili zahanati ipate taa, au ili mashine za matajiri zisilale?

Maarifa hatuyakatai. Tunakataa "mwenye nguvu mpishe" kufanywa sera ya taifa. Atakaye kula sehemu kubwa hivyo na aje na kuni zake: ajenge mitambo mipya kabla ya kuunganishwa, alipie nyaya, na umeme upungukapo azimiwe yeye kwanza, si wodi ya wazazi. Bei atakayouziwa itangazwe kwa Kiswahili kabla mkataba haujatiwa sahihi. Viongozi walei, wabunge wenu mnawajua. Waulizeni ni nani atakayeongezewa bili.