Wacheni Kufomati Laptopu za Watu

Wasee, leo sina ucheshi. Leo nina hasira, na ni hasira ya miezi minne.

Ilianza hivi. Nafungua brauza nitafute bei ya maikrofoni, naona matangazo ya kamari. Sawa, kamari iko kila mahali Kenya hii. Nafungua imeili, kamari. Nafungua ukurasa wa HELB niangalie deni langu (ndiyo, niliacha chuo, deni halikuniacha), na hapo katikati kuna msichana anacheka ananiambia nimeshinda simu. Si HELB waliomweka. Kuna kitu kwa laptopu yangu kilikuwa kinambandika juu ya kila ukurasa. Nikibofya popote, ukurasa mwingine unafunguka wenyewe. Nikitafuta kitu kwa Google, napitishwa kwanza kwa tovuti sijawahi kuisikia. Bando linaisha kabla nipandishe video moja.

Nikashuka mjini, nikapelekea fundi fulani. Hakuuliza swali hata moja. Aliangalia skrini kama daktari na eksirei, akasema hii ni virusi, imeingia ndani sana, lazima tufomati. Shilingi 1,500. Halafu mbele ya wateja wengine wawili akacheka: "Na muache kutembelea zile tovuti zenu."

Niliaibika nikalipa. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, wasee. Mtu akishaaibishwa haulizi kitu.

Alisema amehifadhi kila kitu. Kumbe alihifadhi folda moja. Video zangu zilikuwa kwa D, na D aliipangusa pia. Miaka miwili ya kurekodi huu mtaa. Kulikuwa na shosh mmoja wa Kaptembwo aliyenisimulia kwa saa nzima vile hapa palikuwa kabla ya haya maghorofa. Nilikuwa nangoja nipate muda mzuri wa kuihariri. Shosh alishafariki. Sina kopi.

Sasa sikia. Nikafika nyumbani, nikaweka Chrome upya, nikaingia kwa akaunti yangu. Dakika tano hazijaisha, msichana amerudi. Kicheko kile kile.

Juu haikuwa virusi vya Windows. Ilikuwa ekstensheni, hivi vijiprogramu unavyoongeza kwa brauza. Ukiwa umewasha usawazishaji, Chrome inaweka orodha ya ekstensheni zako kwa akaunti, siyo kwa laptopu peke yake. Fomati mara kumi ukitaka. Ukiingia tena, anarudishiwa kiti chake. Ni kama kubomoa nyumba ujenge upya, halafu umpe mwizi yule yule ufunguo.

Nikaandika chrome://extensions pale juu penye anwani. Nilikuta sita, nazikumbuka mbili tu. Nikazima moja, nikafungua ukurasa upya, bado. Nikazima ya pili, bado. Ya tatu, ile ya kupakua video, nikazima na kukawa kimya. Nikaiondoa kabisa. Yote ilichukua dakika mbili na sikulipa mtu.

Ikiwa yako inakataa kutoka ama inajirudisha, basi kuna programu ndani ya kompyuta inayoiweka. Nenda kwa orodha ya programu za Windows, panga kwa tarehe, angalia kilichoingia wakati matangazo yalianza. Mipangilio ya Chrome pia ina sehemu ya kurejesha ilivyokuwa mwanzo. Inazima ekstensheni zote na haigusi nywila ulizohifadhi. Na kama shida iko kwa simu, Chrome ya Android haina ekstensheni, kwa hivyo angalia tovuti ulizoruhusu zikutumie arifa, ama apu uliyoweka juzi.

Mafundi watasema nawaharibia kazi. Hapana. Nitoze 200 kwa hizo dakika mbili, nitalipa bila kinyongo, ujuzi unalipiwa. Kuna virusi vya ukweli pia, na kuna laptopu ambazo kweli hazina namna isipokuwa kufomati. Lakini kuanzia hapo? Bila kufungua orodha ya ekstensheni hata mara moja? Mwanafunzi anakuletea mashine iliyo na utafiti wake wote wa mwaka wa nne na wewe unashika kisu kabla umpime homa.

Na hayo maneno ya "tovuti zenu" yakome. Ekstensheni nyingi za hivi zilianza zikiwa safi kabisa. The Great Suspender ilikuwa inasaidia laptopu zenye RAM ndogo kama zetu, ikiwa na watumiaji takriban milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe akaiuza. Februari 2021 Google ikaiondoa, ikisema ina programu hasidi. Kabla ya hapo kulikuwa na Add to Feedly, ya Amit Agarwal wa India: aliunda kitu kidogo, kikapata watumiaji zaidi ya 30,000, akakiuza, na wanunuzi wakatuma toleo jipya lililojaa matangazo. Mwenyewe alikiri hadharani mwaka 2014 kwamba alikosea. Ona vile inafanya kazi: hawanunui programu, wananunua watu ambao tayari wameshaiweka. Ekstensheni inajisasisha usiku ukiwa umelala. Hukutembelea tovuti yoyote chafu. Ulilala tu.

Utaambiwa uliruhusu mwenyewe. Kweli, ulibofya. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu aliyeelezwa, na hakuna aliyekueleza kwamba mwenye ekstensheni amebadilika.

Sasa ile sehemu sikutaka kuandika.

Ile ekstensheni ya kupakua video, mimi ndiye niliwaonyesha. Mwaka jana, kwa video ya "zana 5 za bure kila mwanafunzi anahitaji". Nililipwa 3,000. Wakati wa kuiweka, Chrome iliniambia wazi kwamba hiki kitu kitaweza kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote, na mimi nikabofya kubali huku natafuta mwanga mzuri wa kujirekodi. Kitu cha kupakua video kinahitaji nini kwa imeili yangu? Sikuuliza. Hela ilikuwa imeshaingia. Mliandika "asante bro" kwa maoni, na sijui ni wangapi kati yenu mlipeleka laptopu kwa fundi mkaambiwa mna tabia mbaya.

Kwa hivyo content creators wenzangu, hii hasira si ya mafundi peke yao. Sisi tunauza mlango, wao wanauza kubomoa nyumba.

Ile video nimeitoa. Kama uliweka kile kitu kupitia kwangu, bado kiko hapo. Fungua orodha saa hii, kabla hujamaliza kusoma maoni, ukiondoe. Na kama ulifomatiwa ukapoteza kazi yako, niandikie hapa chini. Usitaje duka. Niambie tu ulipoteza nini.