Mama Mkwe na Mifupa ya Tendaguru

Nawaomba radhi wasomaji waliotarajia niendelee na mada ya mirathi. Wiki hii nimeshughulishwa na safari ambayo haijaanza, nayo tayari imekwisha kutia mtihani katika nyumba mbili.

Mimi na rafiki yangu Fundi, jirani yangu hapa Mitole ambaye riziki yake ni kutengeneza pikipiki, tumekuwa tukiipanga safari hii tangu tulipokuwa madrasa. Nia yetu ni nyepesi: kupanda pikipiki moja, kuifuata barabara kuu ya pwani pamoja na njia zake za pembeni, na kusimama mahali ambapo basi halisimami. Mwaka 2024 tulikwisha kutenga fedha za petroli, mara mwezi wa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, tukazirudisha fedha mifukoni. Mwaka uliofuata nilijaaliwa mtoto. Safari hii tuliafikiana kwamba malipo ya ufuta yakiingia tu, tunaondoka.

Kituo cha kwanza katika daftari letu ni Nandete, juu katika vilima vya Umatumbi. Huko ndiko wanakijiji walikong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, mwezi wa Julai mwaka 1905, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Lipo pia pango la Nang'oma, na hapo tulibishana. Fundi anataka kuingia mpaka ndani. Mimi nilisita, kwa kuwa mapango kama hayo hayakosi wenye kuyapelekea matambiko, na katibu wa msikiti akionekana mlangoni, maneno yatafika Mitole kabla yake. Tukampelekea imamu wetu shauri. Akacheka, akasema, "Nendeni mkaone walikojificha wazee wenu. Mayai na kaniki viacheni nyumbani."

Kivinje tutapita asubuhi moja: boma la Wajerumani, mnara wa mashujaa, na mahali pa Mwembe Kinyonga, aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kisha Masoko, tukakate kibali cha kuvuka kwenda Kisiwani.

Kisiwani sihitaji kuwaeleza watu wa Kilwa, ingawa nina wasiwasi kwamba ni sisi hasa tunaohitaji kuelezwa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa nguzo na kuba ambazo baadhi zingali zimesimama. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyeijenga Husuni Kubwa yenye birika la pembe nane. Kinachomstaajabisha Fundi zaidi ni sarafu. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, sarafu tano za shaba za masultani wa Kilwa. Namna zilivyofika huko, wataalamu wanabishana mpaka leo. "Sarafu ya Kilwa imefika Australia," Fundi husema, "na Katibu wa Mitole hajafika Kisiwani." Ni kweli. Nimesoma Dar es Salaam miaka minne, nimepita njia panda ya Nangurukuru kwenda na kurudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bahari ile ndogo sijaivuka.

Kituo cha mwisho ndicho roho ya Fundi ilipo. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi kipo kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua humo mifupa ya dinosari, wanyama wakubwa waliotoweka zamani sana. Nasema Wajerumani, lakini waliochimba ni watu wetu kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na waliobeba ni watu wetu pia: zaidi ya tani 200 za mifupa, kichwani na mabegani, kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosari mwingine wa Tendaguru jina linalotokana na Boheti, karibu karne nzima baada ya kazi yake. Katika ukoo wa Fundi husimuliwa kwamba babu wa baba yake alikuwa miongoni mwa wapagazi wale, na kwamba bega lake moja lilibaki limeshuka mpaka alipofariki. Fundi hataki kuona mifupa, maana anajua haipo. Anataka kusimama pale mzigo ulipotwishwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yetu. Usiku mmoja nilikuwa nikijumlisha gharama kwa sauti, mke wangu akiwa anapepeta mchele. Akaniuliza, "Bwana Katibu, Kisiwani mtakwenda na nani?" Nikamjibu kwamba ni mimi na Fundi, kwa pikipiki. Akapepeta kidogo, kisha akasema, "Mama yangu amezaliwa Kilwa, ameolewa Kilwa, amezeeka Kilwa. Tangu nikiwa mdogo namsikia akisema kabla hajafa aone ule msikiti. Sasa magoti yameanza kumkataa. Pikipiki yenu haina nafasi yake."

Nilianza kumjibu kifiqhi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nikasema kwamba misikiti ambayo hufungiwa safari kwa ajili ya fadhila ni mitatu tu, na wa Kisiwani haumo. Akaniangalia. "Na nyinyi mnafuata fadhila gani kwenye pango?"

Sikuwa na jawabu. Hesabu niliyoifanya baada ya hapo ilikuwa fupi: kumchukua mama mkwe, mke wangu na mtoto, na mke wa Fundi, ambaye naye alikwisha kupata habari, ni lazima tukodi Noah. Fedha za Noah zinameza Nandete na Tendaguru zote mbili. Kinabaki Kivinje na Kisiwani.

Nilikwenda kumweleza Fundi gereji kwake. Alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu na hakutoka. Alisema, "Sawa, Katibu," akaendelea kufungua nati. Nilimjua alivyoumia, maana Fundi akiridhika hubisha. Siku mbili hakuonekana kwenye baraza yetu ya baada ya Isha, nami sikuona haya kujiambia kwamba huenda nilimdhulumu. Alikuwa na haki ya ahadi, na ahadi yetu ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu.

Siku ya tatu alikuja alfajiri, akaniuliza Noah ina viti vingapi. Nikamtajia. Akasema basi kimoja kimebaki, mama yake mzazi naye aingie. Kuhusu Tendaguru akaniambia nitoe gunia moja la ufuta wangu wa mwaka ujao liwe amana kwake, na tuandike. Tumeandika, na mashahidi wawili wametia sahihi.

Limebaki jambo moja linalonikosesha usingizi. Kule Kisiwani maji yakiwa yamekupwa, abiria hushuka kwenye boti wakatembea majini. Kisheria mama mkwe ni maharimu wangu, na kumshika mkono hakuna ubaya wowote. Lakini kwa haya tulizolelewa nazo, mimi na yeye hata sahani hatujapeana mkono kwa mkono. Mke wangu atakuwa na mtoto mgongoni. Nimemwomba Fundi amshike, naye amesema, "Huyo ni mkweo, Bwana Katibu. Wangu ni ufuta."

Tunaondoka Jumamosi baada ya Alfajiri, inshaallah. Hesabu za msikiti za mwezi huu atazisoma mweka hazina.