Tabia ya Waasisi Haifutwi na Makosa ya Sera

Hoja iliyochapishwa kwamba kijana wa leo hana la kuiga kwa waasisi, yaani viongozi walioliwekea taifa misingi, kwa sababu sera zao zilishindwa, inachanganya sera na tabia. Ni kweli kwamba Julius Nyerere, mwasisi wa Tanzania, alisimamia uhamishaji wa wananchi vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970, na madhara yake hayafai kufunikwa. Lakini ndiye aliyejiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, ili akakiimarishe chama cha TANU, na mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja inayoyakwepa matendo hayo haijamjadili Nyerere.