SUBIRA SIYO KUNYAMAZA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Liko neno moja katika miji yetu ya pwani ambalo limekuwa kama mafuta ya kuchua: mwenye kuumwa kichwa hupakwa hayo, mwenye kuvunjika mguu hupakwa hayo, na mwenye homa pia hupakwa hayo hayo. Neno lenyewe ni "Subiri". Mama aliyefiwa na mwanawe huambiwa subiri. Mke ambaye mumewe hampi masurufu mwezi wa tatu sasa huambiwa subiri. Kijana ambaye halali usiku, chakula hakimpiti, moyo unampiga bila ya kukimbizwa, naye huambiwa: "Subiri, imani yako ndogo." Maradhi matatu mbalimbali, na dawa ni moja. Lau tabibu angetufanyia hivyo tungemkimbia. Mbona hapa hatukimbii?

Wala asije mtu akasema kwamba twaipinga subira. Audhubillahi! Mwenyezi Mungu Mtukufu ameitaja subira katika Qur'ani mahali pengi, na wenye kusubiri amewaahidi ujira usio na hesabu. Tunachokipinga ni kitu chengine kilichoazima kanzu ya subira. Kitu hicho ni kunyamaza kwa lazima: mtu kufundishwa tangu utotoni kwamba kila linalomfika, liwe dogo au kubwa, liwe lina dawa au halina, njia yake ni moja tu, kulimeza na kufunga mdomo.

Basi na tutazame humeza nini. Huzuni iliyomezwa haiyayuki kama sukari. Hukaa ndani, na usiku watu wanapolala yeye huanza kuicheua kama ng'ombe anavyocheua majani: "Lau ningefanya hivi, lau ningesema vile." Mchana hutabasamu barazani, usiku hucheua. Mwisho wake moja katika mawili humpata, na pengine yote mawili pamoja. Ama huingiwa na sonona, yaani huzuni isiyoondoka, inayomvunja viungo na kumwondolea hamu hata ya vile alivyokuwa akivipenda. Ama huingiwa na wahaka, yaani khofu isiyotulia, ambayo kila simu inayolia humwambia imeleta khabari mbaya. Na haya si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu kiasi cha milioni 280 ulimwenguni walikuwa na sonona, na milioni 301 walikuwa na maradhi ya wahaka. Hapana shaka miongoni mwao wamo wa nyumba zetu. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Sasa na tuzichukue hoja za wanaotaka tunyamaze, moja baada ya moja, tuzijibu.

Hoja ya kwanza wasema: Muislamu mwenye imani kamili hahuzuniki, wala halii, kwa sababu amekwisha kuridhika na kadari.

Jawabu yetu: Je, imani yenu nyinyi ni kubwa kuliko ya Mtume wetu s.a.w.? Alipokuwa mwanawe mchanga Ibrahim akikata roho, macho yake yalitiririka machozi mbele ya masahaba. Abdurrahman bin Auf alistaajabu, akauliza. Mtume s.a.w. akamjibu kwamba hiyo ni rehema, na akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Zingatieni, ndugu zangu. Hapa pana vitu vitatu, na kila kimoja kimepewa haki yake: jicho limeachiwa, moyo umeachiwa, na ulimi umetiwa hatamu. Hakuvifunga vyote vitatu, wala hakuviachia vyote vitatu. Na Nabii Yaakub a.s., ambaye tunamtolea mfano wa subira njema, ndiye huyo huyo ambaye Qur'ani yatueleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Subira na machozi vilikaa katika kifua kimoja, na havikugombana. Basi nani aliyetupa sisi ruhusa ya kumkaripia mama aliyefiwa, tena mbele ya watu wa matangani, kwamba kulia kwake ni kukufuru? Kilichokatazwa ni kujipiga makofi, kurarua nguo na kusema maneno ya kumkasirisha Mungu. Machozi hayamo.

Hoja ya pili wasema: Kila kitu kimeandikwa, basi livumilie lililokufika, usihangaike.

Jawabu yetu: Mauti yameandikwa, na maiti harudi, hapo kweli hapana ila kuridhika. Lakini je, mume asiyetoa masurufu naye ni maiti? Hind binti Utba alikwenda kwa Mtume s.a.w. akashitaki kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bakhili, hampi cha kumtosha yeye na mtoto wake. Mtume s.a.w. hakumwambia nenda ukasubiri. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mtoto, kwa kadiri ya wema. Na Khawla binti Thaalaba alipokuja kulalamika juu ya mumewe aliyemfanya kama mgongo wa mamake, Mwenyezi Mungu aliyasikia malalamiko yake, akateremsha aya za mwanzo wa Sura iliyopewa jina kwa kujadili kwake, Suratul Mujaadila. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Hili ambalo dini yetu imelifundisha tangu zamani, wataalamu wa nafsi nao wamelikuta. Mwaka 2013 Allison Troy na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya watu walio hodari wa kujituliza kwa kuigeuza fikira, yaani kuitazama shida kwa jicho jengine mpaka iuume moyo kidogo. Shida ilipokuwa nje ya uwezo wa mtu, wenye uhodari huo walikuwa na sonona chache zaidi. Lakini shida ilipokuwa ya kuweza kutengenezwa kwa mkono, mambo yaligeuka: wenye uhodari huo huo walikuwa na sonona nyingi zaidi. Na sababu yake si ngumu kuifahamu. Paa la makuti likivuja, ukakaa chini yake ukijiambia mvua ni rehema, kweli mvua ni rehema, lakini godoro lako litaoza. Huyo si mwenye kusubiri, huyo ni mvivu wa kupanda ngazi.

Hoja ya tatu wasema: Nabii Yaakub alimshitakia Mungu peke yake. Kumwambia kiumbe dhiki yako ni kumlalamikia Mola wako.

Jawabu yetu: Nabii Yaakub alimshitakia Mungu, kisha akawaagiza wanawe watoke wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Dua ilikuwa huku, na kazi ilikuwa huku. Na ama kuwaambia viumbe, tazameni siku ya kwanza ya wahyi. Mtume s.a.w. alishuka kutoka pango la Hira, moyo wake ukitetemeka, akaingia nyumbani kwa mkewe, Bibi Khadija r.a., akataka afunikwe. Bibi Khadija alifanya nini? Kwanza alimfunika, mpaka khofu ikamtoka. Pili, alimsikiliza alipomweleza khabari yote, na hata khofu yake juu ya nafsi yake hakumficha. Tatu, alimtuliza kwa kumkumbusha wema wake: kwamba anaunga jamaa, anawabebea wanyonge mizigo yao, anakirimu wageni, na mtu kama huyo Mungu hamfedhehi. Nne, alimchukua kwa mtu mwenye ilimu, naye ni Waraqa bin Nawfal. 

Ndugu msomaji, yarudie mambo hayo manne, kisha uyalinganishe na tunavyofanya sisi mtoto wetu anapokuja akitetemeka. Sisi huanza kwa hukumu: "Husali vizuri wewe." Au huanza kwa mganga: "Huyo ana shetani." Hatumfuniki, hatumsikilizi, wema wake hatuutaji, na kwa mwenye ilimu tunaona haya kumpeleka, watu wasije wakasema. Halafu twajiita wafuasi wa Sunna!

Ziko na hoja za upande wa pili, nazo hatutaziacha, maana siku hizi vijana wetu wamezipokea katika simu zao. Wao wasema: usizuie kitu, toa yote yaliyo moyoni, mseme umtakaye, uandike ulitakalo, ndipo utakapopona.

Jawabu yetu kwa hao: Hicho pia ni kifuniko kimoja, ila mmekigeuza juu chini. Wa kwanza walisema kila kitu kimezwe, na nyinyi mwasema kila kitu kitapikwe. Mwenye hasira akipiga kelele hasira yake haipungui, huwashwa kama jiko lililopepewa. Mtume s.a.w. alimfundisha mwenye hasira kwamba akiwa amesimama akae, na ikiwa haikumtoka alale. Na aliyekasirika aliusiwa anyamaze. Basi kunyamaza kuna mahali pake! Kuna talaka ngapi katika mji huu zilizotamkwa kwa ulimi usiongoja dakika tano?

Tena sikilizeni khabari hii. Baada ya majengo yale mawili kuangushwa mjini New York tarehe 11 Septemba 2001, mtaalamu George Bonanno na wenzake waliwapima wanafunzi wa chuo mjini humo. Waliwataka mara wazidishe kuyaonyesha yaliyo moyoni, mara wayafiche. Waliwafuata mpaka mwisho wa mwaka wa pili, na matokeo wakayachapisha mwaka 2004. Waliokuwa na dhiki ndogo hawakuwa wenye kuficha sana, wala hawakuwa wenye kudhihirisha sana. Walikuwa ni wale walioweza yote mawili, kila moja kwa wakati wake.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Nahodha wa jahazi hana namna moja ya kwenda. Upepo ukiwa wa nyuma hutweka tanga. Ukiwa wa mbele hubisha. Ukizidi nguvu huteremsha. Nahodha aliyefundishwa kutweka tu atazama, na aliyefundishwa kuteremsha tu hatafika. Na nafsi ya binadamu ni hivyo hivyo. Inataka mambo matatu. Kwanza, kuutazama upepo: jambo hili limo mikononi mwangu au halimo? Hapa ni mahali pa kulia au ni mahali pa kujizuia? Pili, kuwa na njia nyingi: swala na dhikri, kulia, kumwendea rafiki mwaminifu, kutembea ufukweni, kufanya kazi, kudai haki, kunyamaza. Tatu, kujirudi: njia niliyoishika yanifaa? Ikiwa nimenyamaza wiki tatu na moyo unazidi kubana, basi nibadilishe, nisione kwamba kubadilisha ni udhaifu. Nabii Yaakub mwenyewe aliwausia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Na sisi watu wa pwani twasema: kila mlango na ufunguo wake.

Linabaki jambo moja. Iko huzuni ambayo mtu hawezi kuitengeneza kwa njia zake peke yake. Wanavyuoni wetu waliijua kitambo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akaigawa huzuni: iko ambayo sababu yake yajulikana, na iko inayomfika mtu bila ya kujua sababu, ambayo asili yake imo mwilini na mwili nao hutaka kutibiwa. Hayo yaliandikwa na Muislamu miaka elfu na zaidi iliyopita, na sisi leo twawaambia wagonjwa wetu ni ukosefu wa imani! Basi mtu akiona wiki mbili nzima moyo umezama, usingizi na hamu ya chakula vimeharibika, hakuna kinachompendeza, au fikira za kufa zinamjia, asingoje. Na aende hospitali, na jamaa zake wafuatane naye. Na mwenye kutaja kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mtume wetu s.a.w. ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kwamba Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Tunawausia akina baba: mtoto wa kiume akilia, usimwambie mwanamume halii, maana Mtume alilia. Tunawausia akina mama: binti akija kushitaki dhuluma ya nyumba yake, usimrudishe na neno moja la subiri kabla ya kumsikiliza mpaka mwisho. Ukiona ni jambo la kuvumilia, mvumilishe. Ukiona ni haki iliyoliwa, simama naye mpaka kwa kadhi. Na tunawausia masheikh na maalimu wetu, ambao neno lao linasikiwa: mnapoisomesha subira juu ya mimbari, isomesheni yote, kwa machozi yake, kwa dua yake na kwa ngamia wake aliyefungwa. Msisomeshe nusu, kwani nusu hiyo inaua watu kimya kimya ndani ya nyumba zilizofungwa milango.

Ewe Mola wetu, tunajilinda kwako na wahaka na huzuni. Tupe subira mahali pa subira, tupe ushujaa mahali pa ushujaa, na tupe busara ya kupambanua baina ya viwili hivyo. Amin.